Pikipiki Iliyoshiba

Jua lilipoanza kushuka, Mama Vifungo alisimamisha cherehani yake. Alijikung'uta vipande vya nyuzi kwenye gauni, akaenda sebuleni kuilisha pikipiki.

Kuilisha ndilo neno alilotumia mumewe. Marehemu alikuwa na pikipiki ya umeme. Kila jioni alirudi nayo nyumbani, akaipandisha ngazi ya mlangoni, akaiegesha kati ya kochi na dirisha. Kisha alichomeka waya ukutani na kuiambia, "Haya, kula, ulale." Mama Vifungo alikuwa akimcheka. Alimwambia kwamba yeye mkewe hajawahi kukaribishwa chakula kwa sauti tamu namna hiyo.

Sasa mume hayupo. Mke ndiye aliyechomeka waya.

"Haya," alisema. "Kula, ulale."

Taa ndogo ya chaja iliwaka. Mama Vifungo alichukua koti la mumewe, lile zito la kuzuia upepo, akaifunika betri pamoja na chaja. Aliyabana vizuri makunjo ya koti ili baridi isiingie. Halafu akakaa kwenye kochi na kushika tama.

Tangu siku ya mazishi, pikipiki ile haikuwa imevuka kizingiti. Haikubeba mtu wala mzigo. Hata hivyo ililishwa kila siku, nayo ilikuwa imeshiba siku nyingi.

Watu walimwita Mama Vifungo kwa sababu hakuwahi kutupa kifungo. Shati lilichakaa, suruali ilichanika, lakini vifungo vyake aliviokoa na kuvitia kwenye chupa. Chupa hizo zilijaa kwenye dirisha la chumba chake cha kushonea. Alikuwa fundi mzuri. Alishona sare za shule, makoti na magauni, na zamani wateja walikaa kwake muda mrefu wakipiga soga. Baada ya msiba wateja walikuja, wakachukua nguo zao na kuondoka upesi. Hawakuwa watu wabaya. Hawakujua tu waseme nini.

Binti yake aliolewa mbali. Alikuwa akipiga simu na kuuliza, "Mama, umekula?" Mama Vifungo alijibu kwamba amekula. Ukweli ni kwamba alipika kidogo na kula kidogo zaidi. Kula peke yako ni kazi ngumu. Kijiko kikigonga sahani kinasikika nyumba nzima.

Mumewe alikuwa msambazaji wa mikate. Asubuhi alichukua mikate tanurini, akaizungusha mtaa kwa mtaa. Pikipiki ya petroli hujitangaza yenyewe, mtu akiwa bado kona ya tatu umeshamsikia. Yake ilikuwa kimya. Basi alifunga kengele ya baiskeli kwenye usukani. Watu wakisikia kengele walitoka na mifuko yao. Na kila aliyetoka kununua mkate alipewa na hotuba juu yake: pikipiki hii haina moshi, hainuki, haichafui hewa ya watoto wenu. Alisema hivyo mpaka wakamwita Bila Moshi. Walikuwa wanamtania, lakini yeye alilipenda jina hilo.

Mtu pekee aliyekataa kumwita hivyo alikuwa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa. Kila Jumapili alikuja kumtembelea kaka yake, na kila Jumapili walibishana. Mmoja alitetea petroli, mwingine alitetea umeme. Walibishana wakila, wakabishana wakinywa chai, na hata wakiagana mlangoni bado walikuwa wanabishana. Mama Vifungo alilalamika kwamba hasikii cherehani yake mwenyewe.

Baada ya msiba shemeji huyu aliendelea kuja. Alikaa kwenye kiti chake kile kile, akanywa chai, akaondoka. Lakini Jumapili moja aliitazama pikipiki kwa muda mrefu. Halafu akasema kwamba wiki ijayo atakuja na lori, aichukue, aipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Ni ya kaka yako," alisema Mama Vifungo.

"Najua ni ya kaka yangu. Kaka yangu hayupo. Hiyo imekaa hapo inakutazama, na wewe umekaa hapo unaitazama. Ni maisha gani hayo, shemeji?"

Mama Vifungo hakujibu. Shemeji hakuwa amezoea ukimya katika chumba hicho, kwa hiyo akaujaza. Akasema amesikia watu wakijadiliana redioni. Mmoja alidai kwamba vyombo vya umeme vinaokoa mazingira. Mwingine alidai ni kujidanganya tu. Huyo wa pili ndiye aliyemwingia. Alieleza kwamba betri hutengenezwa kwa madini. Kuyapata madini hayo, milima huchimbwa, mito huchafuliwa, na wachimbaji huvuta vumbi. Umeme wenyewe mahali pengine huzalishwa kwa kuchoma makaa ya mawe. Na betri ikifa, watu huitupa jalalani, sumu yake ikaingia ardhini.

"Kwa hiyo moshi upo," alisema shemeji. "Ila umehamishwa, uko mbali na macho yetu. Kaka alijivunia kitu ambacho hakikuwepo."

Alipomaliza, alinyamaza na kusubiri, kama mtu aliyezoea kujibiwa. Hakuna aliyemjibu. Akamaliza chai yake, akaaga, akasema ataleta na kamba.

Maneno hayo yalimkaa Mama Vifungo rohoni. Siku iliyofuata alishona mkono wa koti ndani nje, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu alipokuwa anajifunza kazi. Aliufumua, akaushona tena, akaharibu tena. Alimkumbuka mumewe na hotuba zake mlangoni kwa watu. Alikumbuka alivyokuwa akiipangusa pikipiki kwa kitambaa safi kuliko vile vya kufutia vyombo. Kama yote hayo yalikuwa ya uongo, basi mtaa mzima ulimcheka kwa haki. Na yeye, mkewe, alikuwa anatunza nini pale sebuleni?

Hakuwa na wa kumuuliza. Alitaka kumpigia binti yake, akaona atamtia hofu bure. Jioni ilipofika alichomeka waya kama kawaida, lakini hakuikaribisha chakula.

Katikati ya wiki, mchana, alikwenda sebuleni kutafuta mkasi. Alipoingia alisikia harufu. Ilikuwa kama plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko. Aligusa koti la mumewe. Lilikuwa na joto kali, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Alilivuta kwa haraka. Chini yake, kasha la betri lilikuwa limetuna upande mmoja.

Alichomoa waya. Alifungua mlango na madirisha, akasimama nje akiwa roho juu. Harufu ilipopungua, alipiga moyo konde, akaingia, akaishika pikipiki usukani na kuitoa. Mumewe alikuwa na fundi wake, mwisho wa barabara. Akaanza kuisukuma kwenda huko.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuipita njia ile tangu msiba. Ilikuwa njia ya mumewe, ile ya mikate. Watu walimsalimu, naye aliitikia bila kusimama. Mmoja alimuuliza kama anaiuza. Pikipiki ilikuwa nzito, na kila ilipopita kwenye shimo kengele ilijigonga yenyewe kidogo. Mama Vifungo aliishika kengele kwa mkono ili inyamaze. Hakutaka mtu atoke nje na mfuko, amkute yeye.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Waya. Mguu wa miwani yake ulivunjika zamani, akaufunga kwa waya mwekundu, na jina likaanzia hapo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kipana. Juu ya bati kulikuwa na paneli za umeme wa jua, na mbele kulikuwa na benchi la wateja. Aliiona betri kabla hajamwona aliyeileta.

"Simama mbali kidogo, dada," alisema. "Tutasalimiana baadaye."

Alivaa glavu nene. Aliilegeza betri taratibu, akaibeba nje na kuilaza kwenye pipa la mchanga mkavu, mbali na ukuta. Kisha akarudi, akavua glavu na kushusha pumzi.

"Umeisukuma kutoka nyumbani?"

"Ndiyo."

"Siku nyingine usifanye hivyo. Betri ikivimba, chomoa waya kama unaweza kuufikia bila hatari. Usiichaji tena, usiitoboe, usiimwagie chochote. Watu wote watoke, kisha uniite nije mimi. Ikitoa moshi, waite zimamoto, usiingie ndani hata kama umeacha dhahabu. Umenielewa?"

Mama Vifungo aliitikia kwa kichwa. Mama Waya aliigeukia pikipiki, na hapo akaiona kengele. Uso wake ulibadilika. Alimuuliza kama yeye ndiye mke wa Bila Moshi. Alipojibiwa, alivuta kigoda, akakaa karibu naye. Alimpa pole, akasema alikuwa safarini wakati wa msiba, na aliporudi aliona aibu kwenda akiwa amechelewa. Mama Vifungo alishangaa kusikia kwamba kuna mtu aliyetaka kuja.

Kisha Mama Waya akauliza jinsi betri inavyochajiwa. Mama Vifungo alimweleza kila kitu. Alimweleza habari ya jioni, ya waya, ya koti, hata maneno ya kuikaribisha chakula. Mama Waya alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Na nani anaichomoa?" aliuliza.

"Kuichomoa? Naichomoa jioni tu, niichomeke upya."

"Mumeo aliniambia alikuwa akichomeka akirudi kazini. Mkimaliza kula, kabla ya kwenda kulala, anachomoa. Hakukuambia?"

Hakumwambia. Hakukuwa na sababu ya kumwambia. Baada ya kula, Mama Vifungo alikuwa jikoni akiosha vyombo. Alikuwa akimsikia mumewe sebuleni, akidhani anapanga viti. Kumbe alikuwa anachomoa waya. Na koti lile alilitundika kwenye msumari wake, hakuwahi kuifunika nalo betri. Mama Vifungo alikuwa amekariri nusu ya kazi, ile aliyoiona kwa macho. Nusu nyingine mumewe alikwenda nayo.

Mama Waya alimweleza bila kumlaumu. Betri ya aina hii haipendi kukaa imeshiba siku zote. Haipendi joto pia. Ikichajiwa kila siku bila kufanya kazi, tena ikiwa imefunikwa, inazeeka upesi na inaweza hata kuwaka. Inatakiwa kuchajiwa mahali penye hewa, mtu akiwa macho, na isiwe karibu na mlango wa kutokea.

"Nimeiua," alisema Mama Vifungo. "Nilidhani naitunza."

Hapo machozi yakamtoka. Hakuwa amelia mbele ya mtu tangu waombolezaji waliporudi makwao. Alilia kwa sababu ya betri, na kwa sababu ya viti ambavyo havikuwa vikipangwa, na kwa sababu ya sahani moja jikoni. Mama Waya alimwacha alie. Alikwenda akachemsha chai, akarudi nayo.

Chai ilipofika nusu, Mama Vifungo akauliza lile lililomkaa rohoni tangu Jumapili. Alieleza maneno ya shemeji yake, yote, madini na makaa na jalala.

"Niambie kweli," alisema. "Mume wangu alidanganyika?"

Mama Waya alivua miwani yake, akaifuta. "Shemeji yako hajasema uongo. Ila ameishia katikati."

"Katikati vipi?"

"Pikipiki ya umeme haitoki kiwandani ikiwa safi. Madini ya betri yanachimbwa kweli, na mahali pengine yanachimbwa vibaya, watu na mito wanaumia. Hilo tusilifiche. Siku ya kwanza, kabla haijatembea, pikipiki ya umeme imeshachafua mazingira kuliko mwenzake wa petroli. Inaanza safari na mzigo mkubwa mgongoni."

"Kwa hiyo shemeji yuko sahihi."

"Siku ya kwanza, ndiyo. Sasa twende siku ya pili. Ya petroli inachoma mafuta. Siku ya tatu inachoma. Kila siku inaongeza uchafu mpaka siku itakayokufa, na moshi wake inautoa hapa hapa puani kwetu. Ya umeme inaongeza kidogo tu, kwa kutegemea umeme umetoka wapi. Ukitoka kwenye jua, maji au upepo, inaongeza kidogo sana. Ukitoka kwenye makaa ya mawe, inaongeza zaidi, na faida yake inachelewa kuonekana. Lakini ikitembea muda mrefu, mara nyingi ya petroli inaipita kwa uchafu. Inaipita mbali."

Mama Vifungo alifikiri. Aliutazama mkono wa gauni lake, akaupapasa mshono.

"Kama koti," alisema polepole.

"Koti gani?"

"Koti zito la shule. Linakula kitambaa kingi na kazi nyingi. Mtoto akilivaa mara moja likatundikwa, nimejichosha bure. Lakini akilivaa yeye, halafu mdogo wake, halafu mdogo wake tena, ile kazi yangu imegawanyika kwa miaka yote hiyo."

Mama Waya alicheka. Alisema amewaeleza watu jambo hilo mara nyingi na hajawahi kulisema vizuri hivyo.

"Na likitundikwa?" aliuliza Mama Vifungo, ingawa jibu alikuwa ameshalijua. "Hii yangu, iliyokaa sebuleni?"

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, dada. Mlima umechimbwa kwa ajili yake, umeme inakula, na haimbebi mtu."

Kisha Mama Waya akasema kwamba Bila Moshi mwenyewe aliwahi kuja pale na swali hilo hilo. Ilikuwa Jumatatu, baada ya mabishano na mdogo wake. Alikuwa amekasirika, mikate yote ikiwa bado kwenye sanduku. Alitaka aambiwe kwamba mdogo wake ni mwongo. Mama Waya hakumwambia hivyo. Alimweleza kama alivyomweleza Mama Vifungo.

"Akasema nini?"

"Alikaa hapo ulipokaa. Halafu akasema, 'Basi nitaiendesha mpaka tuzeeke wote wawili.' Ndiyo maana alikuwa anaitunza vile. Hakuwa amedanganyika. Alijua mzigo wake, akaamua kuutembeza mpaka upungue."

Mama Vifungo aliitazama pikipiki. Mumewe hakuwahi kuzeeka. Alikufa akiwa na nguvu zake, na mzigo wa pikipiki haukuwa umemalizika.

"Betri inaweza kupona?" aliuliza.

Mama Waya alieleza kwamba ndani ya kasha mna betri ndogo ndogo nyingi, zinaitwa seli, zimeungwa pamoja. Yeye ataifungua akiwa na vifaa vyake, jambo ambalo mtu asilijaribu nyumbani. Atapima kila seli, atoe zilizokufa, aweke nyingine zinazolingana na zilizobaki. Vifungo viwili vikikatika, fundi hatupi koti zima. Seli zilizokufa hatazitupa jalalani wala kuzichoma. Anazikusanya kwenye sanduku maalumu, na kuna gari la kiwanda linalopita kuzichukua. Huko zinasagwa na madini yake yanatolewa ili yatumike tena. Si yote yanayorudi, alisema, lakini yanayorudi yanapunguza uchimbaji.

Jumapili ilipofika, lori lilisimama mbele ya nyumba. Shemeji aliingia na kamba begani. Aliangalia kati ya kochi na dirisha, akaona sakafu tupu.

"Umeiuza?"

"Iko kwa fundi. Kaa, chai iko tayari."

Alikaa. Mama Vifungo alimweleza aliyoyasikia. Alipofika kwenye mzigo wa siku ya kwanza, shemeji alitabasamu kwa ushindi. Alipofika siku ya pili, tabasamu likapotea.

"Na makaa ya mawe je?" aliuliza.

"Kama umeme ni wa makaa, faida inachelewa. Hata hivyo, lori lako linaweza kubadilishiwa mafuta?"

"Maana yake nini?"

"Umeme wa leo wa makaa, kesho unaweza kuwa wa jua, na pikipiki ni ile ile. Lori lako litakunywa dizeli mpaka life."

"Lori langu linabeba tani. Hiyo betri yenu itabeba tani?"

"Nazungumzia mikate, shemeji, sizungumzii tani."

"Na wachimbaji wanaovuta vumbi?"

"Hao nao ni watu. Lazima walindwe. Lakini mafuta yako nayo hayaokotwi barabarani. Yanachimbwa, yanamwagika, yanaua samaki. Na yakishachomwa, yamekwisha, yanachimbwa mengine."

Sauti ya shemeji ilipanda. Ya Mama Vifungo nayo ikapanda. Shemeji akasema basi watu wote watembee kwa miguu. Mama Vifungo akajibu kwamba hilo ndilo jambo safi kuliko yote, miguu, baiskeli, au basi moja lililojaa watu, na kwamba tumbo lake yeye shemeji lingefurahi. Chai ilipoa. Kamba ilianguka kutoka begani, hakuna aliyeiokota.

Ghafla shemeji akaweka kikombe chini, akajifunika uso kwa mikono yake mikubwa.

"Tangu afe sijabishana na mtu," alisema. "Nakuja hapa, naiona pikipiki, yeye simwoni. Nilitaka iondoke. Nilidhani ikiondoka itauma kidogo."

Mama Vifungo hakujua kwamba mtu mwingine alikuwa mpweke namna ile. Wiki nyingi walikuwa wamekaa chumba kimoja, kila mtu na msiba wake, na chai katikati. Alimmiminia chai nyingine, ya moto.

"Shemeji," alisema, "nifundishe kuendesha."

Mama Waya alichukua muda na ile betri. Aliichaji, akaitumia, akaipima tena, na hakuitoa mpaka alipoiamini. Ndipo shemeji akaanza kumfundisha Mama Vifungo kwenye uwanja mpana nyuma ya shule, yule mtetezi wa petroli akishika kiti kwa nyuma na kukimbia akihema.

"Imewaka?" aliuliza.

"Imewaka."

"Mbona haisemi?"

"Inakusikiliza wewe," alisema Mama Vifungo, na hapo hapo akayumba, wakaanguka wote wawili kwenye nyasi. Alicheka mpaka akashindwa kusimama. Kicheko chenyewe kilimshangaza.

Alijifunza, akapata leseni, akanunua kofia ngumu. Tanuri la mikate likampa mitaa ya karibu, ile aliyokuwa akiizungukia mumewe. Nguo alizomaliza kushona alizipeleka kwa wateja kwenye safari hiyo hiyo, ili pikipiki isitembee mara mbili. Alivaa koti la mumewe. Alikuwa amelipunguza mikono na kulitia vifungo vipya kutoka kwenye chupa zake.

Asubuhi ya kwanza, alipofika kona ya mtaa wa pili, aligonga kengele. Mlango mmoja ulifunguliwa upesi. Mzee alitoka na mfuko wake mkononi, uso ukimng'aa. Alipomwona mwanamke, alisimama. Wote wawili walijua alitegemea kumwona nani. Mama Vifungo alidhani atalia, lakini alifungua sanduku na kumpa mkate.

"Haina moshi?" aliuliza mzee taratibu.

"Ina mzigo," alijibu Mama Vifungo. "Lakini tunaupunguza."

Akamweleza. Ikawa hotuba yake. Ilikuwa ndefu kidogo kuliko ile ya mumewe, kwa sababu ilikuwa na pande mbili.

Siku za jua alipeleka pikipiki karakana mchana, ikachajiwa kwa umeme wa paneli. Akikaa kwenye benchi, alishona vifungo kwa mkono na kuzungumza na Mama Waya. Shemeji akipata nafasi alisimamisha lori lake upande wa pili wa barabara, akaja kubishana. Hajakubali kushindwa mpaka leo. Lakini amepeleka lori lake kutengenezwa injini ili lipunguze moshi, na hataki mtu aseme ni kwa sababu ya nani.

Nyumba bado ni kimya. Hilo halijabadilika, na hakuna fundi wa kulitengeneza. Kuna jioni ambazo Mama Vifungo anaingia sebuleni na kumkosa mumewe upya kabisa.

Jioni moja ya mawingu alirudi akiwa amechoka, na betri imechoka kama yeye. Haikuwa imechajiwa mchana. Alilitundika koti kwenye msumari. Alifungua dirisha, akaegesha pikipiki mbali na mlango, mahali penye hewa, akachomeka waya.

"Haya," alisema. "Kula."

Akaenda jikoni. Alikuwa na njaa, njaa ya kweli ya mtu aliyefanya kazi. Alipika, akapakua sahani iliyojaa, akaja kula sebuleni ili aione taa ya chaja. Akala yote. Akaosha sahani. Kisha akarudi sebuleni, akapanga viti, akainama ukutani na kuchomoa waya.

"Sasa ulale," alisema, na yeye pia akaenda kulala.